Saini Nne, Sahani Moja

Usingizi wa Waithera ulikuwa umefika mahali ambapo haukumwomba tena ruhusa. Ulimchukua kwenye foleni ya benki, ukamchukua kanisani katikati ya matangazo, na wiki iliyopita ulimchukua akiwa amesimama kwa kinyozi akimngoja mwanawe amalizwe kunyolewa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na sita alikuwa muuguzi wa cheti. Mitatu ya mwisho aliifanya zamu ya usiku kwenye kliniki moja ya Westlands. Asubuhi alivua viatu vya kazi, akavaa vya shule, akaenda kuketi darasani kando ya Ngong Road pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa.

Alikuwa anatafuta digrii. Mwenye kliniki alimwahidi kwamba akiileta hiyo karatasi kabla ya Desemba kwisha, atampa usimamizi wa zamu ya mchana. Waithera hakuwa na ndoto kubwa kuliko hiyo. Alitaka kulala usiku kama watu wengine.

Somo lililobaki lilikuwa moja tu, Masomo ya Pamoja. Chuo kilikuwa kimegundua jambo ambalo kila mgonjwa nchini analijua: daktari, muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa viungo husoma miaka mingi kila mmoja kwenye chumba chake, halafu wakikutana wodini wanasalimiana kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Kwa hiyo wanafunzi waliwekwa wannewanne, kila kundi likapewa mgonjwa mmoja wa kumfuatilia kwa siku kumi, na fomu moja ya kijani ya kujaza na kutia saini wote wanne kila siku. Alama nayo ilikuwa moja. Mnapita pamoja au mnaanguka pamoja.

Aliyebuni mpango huo ni Dk. Mbuthia, mwalimu mwembamba mwenye sweta la kijivu, aliyeupigania kwenye mikutano ya chuo kwa miaka sita mpaka wenzake wakawa wanakimbilia chai wakimwona anasimama. Neno lake lilikuwa sauti moja. Mgonjwa asisikie sauti nne, alisema, asikie moja. Waithera alimpenda kwa hilo, maana yeye mwenyewe alikuwa amewahi kukemewa na daktari mbele ya mgonjwa kwa kosa la huyo huyo daktari.

Kundi lake lilikuwa na Wachira, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, kijana mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo. Kulikuwa na Yvonne wa famasia, msichana wa Kilimani aliyeandika maelezo yake kwa kalamu za rangi tatu. Na kulikuwa na Were wa tiba ya viungo, mrefu, mkimya, ambaye akikushika mkono unajua umeshikwa. Wote watatu walimwita Sista, na hawakusema hivyo kwa dhihaka. Walimheshimu. Ndipo shida ilipoanzia, ingawa hakuna aliyeiona wakati huo.

Mgonjwa wao alikuwa Mama Nzula, mwenye miaka sitini na saba, fundi wa kushona sare za shule pale Dagoretti Corner. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha juu ya cherehani yake na kumlegeza mkono na mguu wa kushoto. Maneno hayakumpotea. Alikuwa na maneno ya kutosha, na mengi yalikuwa ya kulalamika. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho wodini, upande wa kushoto umegusa ukuta, na kila aliyekuja kumwona alisimama kuliani kwake kwa sababu hakukuwa na pengine pa kusimama.

Siku ya kwanza Waithera alifika saa nne asubuhi, macho yakimwasha kutoka zamuni. Fomu ilikuwa na sehemu ya chakula: chote, robo tatu, nusu, robo. Chai ilikuwa imeshakwisha, vyombo vimeshakusanywa. Akamuuliza mama amekula vipi, naye mama akasema amekula kiasi. Waithera akaandika nusu, akatia saini, akaenda kutafuta kahawa.

Vijana walipofika, kila mmoja aliangalia safu ile, akaona saini ya muuguzi wa miaka kumi na sita, akaongeza ya kwake chini yake. Siku ya pili Yvonne aliwahi kidogo, akatazama ya jana, akaandika nusu. Siku ya tatu Wachira. Ya Jumamosi na Jumapili waliijaza Jumatatu. Saa za chakula cha mchana wote walikuwa darasani, saa za cha jioni walikuwa njiani kwenda nyumbani, na Waithera alikuwa akijitayarisha kwa zamu. Kila mmoja aliamini kwamba kuna mwenzake anayeketi na mama wakati wa kula. Siku nane zikapita hivyo, nusu juu ya nusu, saini nne nne.

Mama Nzula, wakati huo, alikuwa anapungua. Alikuwa amepoteza kilo nne. Na kila siku aliwaambia neno lile lile, kwamba hospitali hii inampa ugali mtupu. Walilisikia wote wanne na kila mmoja akalipeleka kwenye somo lake. Yvonne alisema ni dawa ya presha inayoharibu ladha mdomoni. Were alidhani ni uchovu wa mazoezi. Wachira alisema ni sonona, watu wengi wakipata kiharusi hukata tamaa ya kuishi na chakula huwa cha kwanza kukataliwa. Waithera hakuwa na maoni. Alikuwa na usingizi. Wakakubaliana bila ugomvi, wakaandika kwamba mgonjwa hana hamu ya kula na ana dalili za kukata tamaa, na wakapendekeza awekewe mpira wa kulishia puani.

Dk. Mbuthia alipoisoma fomu hiyo alikaribia kulia. Katika miaka yote ya mpango wake hakuwahi kuona kundi lililokubaliana siku nane mfululizo bila kufuta hata neno moja. Aliipiga picha akawatumia wageni wa chuo waliotarajiwa Ijumaa kwenye kikao cha kundi kuwasilisha kazi yake.

Alhamisi, siku ya tisa, mwalimu mmoja hakufika na kipindi cha saa sita kikavunjika. Vijana walienda kula chipsi. Waithera alipanda wodini, akaketi kwenye kiti kando ya Mama Nzula, akajiambia atafumba macho kwa dakika mbili.

Alizinduliwa na mlio wa sahani. Wahu, mama wa jikoni anayesukuma kigari cha chakula, alikuwa anaokota vyombo. Sahani za hospitali hiyo zilikuwa za bati, zenye vyumba vitatu, kimoja kikubwa cha ugali na viwili vidogo vya mboga na kitoweo. Mkononi mwa Wahu ile ya Mama Nzula ilikuwa ajabu kidogo. Chumba cha ugali kilikuwa cheupe kama kimeoshwa. Sukuma wiki ilikuwa haijaguswa. Nyama ilikuwa haijaguswa, mafuta yake yameganda juu.

Wahu aliona jinsi alivyoitazama, akacheka kwa pua.

"Huyu mama wenu ako na madharau, sista. Kila siku ananiuliza nyama, na nikimletea anaiacha hapo tu. Anakula ugali, anaramba kidole, anasema asante."

Waithera alimuuliza kama ni kila siku. Wahu akasema ni kila siku tangu aletwe, chai na mkate pia: kikombe anakunywa, mkate anauacha. Akamuuliza tena sahani huwa anaiweka vipi. Wahu alimshangaa. Huiweka kama anavyowawekea watu wote tangu aanze kazi, ugali upande wa mkono wa kulia, maana ndio mkono wa kulia chakula. Akasukuma kigari chake akaenda.

Waithera alibaki ameketi, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuwa na usingizi hata kidogo. Alichukua shuka safi kutoka kabatini, akalitandaza mapajani mwa Mama Nzula, akamwomba amsaidie kulikunja kwa kuwa yeye ndiye fundi. Mama alifurahi kupewa kazi. Mkono wake wa kulia ulishika pindo la kulia, ukalilaza, ukalinyoosha kwa kucha kama anavyofanya fundi kabla ya pasi, ukalikunja tena. Kisha akalipigapiga na kusema limekwisha. Upande wote wa kushoto wa shuka ulikuwa unaning'inia hadi sakafuni.

Alikuwa amelisoma jambo hilo darasani na kulijibia mtihani. Kiharusi cha upande ule kinaweza kuufuta upande mmoja wa dunia. Macho yanaona, lakini kichwa hakipokei, na mgonjwa mwenyewe hajui kwamba kuna kitu anakikosa. Kwa Mama Nzula kushoto hakukuwepo. Alikuwa akipewa ugali mtupu kweli, siku tisa, na akawaambia kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wao wakaandika kwamba amekata tamaa.

Aliwapigia simu vijana, wakakutana kwenye ngazi. Aliwaeleza. Were alijishika kichwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimshika huyo mama kila siku. Yvonne aliuliza, kwa sauti ndogo, ni nani basi aliyekuwa anaiona sahani siku zile zote. Wakatazamana. Hapo ndipo walipojua, wote wanne kwa pamoja, na hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kulisema.

Wachira ndiye aliyepata njia ya kutokea.

"Sista, kesho tuseme tu tumeiona leo. Ni jambo jipya. Hizo saini tuachane nazo, hakuna mtu atauliza."

Waithera alitaka sana kumwamini. Sheria ya chuo ilikuwa fupi na wote waliijua: ukitia saini kwa jambo ambalo hukuliona, kundi zima linarudia somo mwezi wa tano. Mwezi wa tano. Desemba ingepita, kazi ya mchana ingepewa mwingine, naye angebaki pale Westlands akiwashona walevi paji la uso alfajiri hadi goti likatae. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba nambari yenyewe ilikuwa sahihi. Mama alikuwa amekula nusu. Wangeapa na wasiwe waongo.

Akakubali. Alienda zamuni jioni ile bila kumwambia mtu wodini, akijiambia kesho si mbali. Lakini alijua kwamba saa kumi na mbili Wahu angeleta sahani nyingine, na asubuhi kikombe kingine, na kwamba mwanamke mmoja angekula ugali mtupu mara nyingine kwa sababu Waithera anaogopa mwezi wa tano. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa bado imekaa kifuani alipofika kikaoni Ijumaa.

Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo mwisho wa wodi. Dk. Mbuthia alikuwa amevaa tai. Wageni wanne walikuwa na nakala ya fomu ya kijani mikononi. Dk. Wainaina, daktari wa wodi, alikuwa amesimama mlangoni na wagonjwa arobaini na wawili wakimsubiri nyuma yake. Kando ya dirisha aliketi Mutinda, mtoto wa pekee wa Mama Nzula, karani wa ofisi moja mjini, kofia mapajani. Alikuwa ameshasema kwamba kama mama atalishwa kwa mpira hawezi kumhudumia kwenye chumba chake kimoja cha kupanga. Atafunga kibanda cha cherehani Dagoretti Corner na kumpeleka Makueni kwa dada ya mama huyo. Alisema hivyo bila kumtazama mtu.

Wachira alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Akaeleza kuhusu upande wa kushoto kama jambo lililogunduliwa jana, na kuomba mpira usiwekwe kwanza.

Dk. Wainaina alisikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Halafu akainua fomu. Alisema inawezekana, ataomba mtaalamu wa ubongo amwone wiki ijayo. Lakini hapa alikuwa na siku nane za watu wanne wakisema kwa sauti moja kwamba mgonjwa hana hamu ya kula, na upande wa pili alikuwa na mchana mmoja na shuka. Mama anapungua. Angetia mpira leo, na mtaalamu angekuja akija. Mutinda aliinamisha kichwa, akaanza kuizungusha kofia.

Waithera alitazama kofia ile ikizunguka. Alifikiri juu ya kitanda chake, cha kwake mwenyewe, saa nne usiku, taa imezimwa. Alikifikiria vizuri, kama mtu anayeaga. Kisha akasimama, na kwa kuwa alikuwa amechoka hakutafuta maneno mazuri.

"Daktari, hiyo fomu usiitegemee. Ile 'nusu' ya kwanza niliiandika mimi, na sahani sikuiona. Hizo zingine zimetoka kwangu. Hakuna siku hata moja mtu wetu alikuwepo mama akila."

Mgeni mmoja aliigeuza karatasi yake, akatazama nyuma yake kama kuna maelezo zaidi. Yvonne alikuwa ameanza kulia, lakini aliinua mkono kama mtoto wa shule, akasema hata yeye. Were akasema hata yeye. Wachira alichelewa, akasema mwisho, akitazama viatu vyake, na tangu siku hiyo hakumsalimia Waithera tena.

Dk. Mbuthia hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alilegeza tai akasema, kama anajisemea, kwamba alikuwa amepiga chapa nakala hamsini za fomu ile. Baadaye akajikaza, akatamka kilichopasa kutamkwa: saini zote ni batili, kundi litarudia mwezi wa tano. Alipomaliza akamgeukia Dk. Wainaina na kumwomba mpira usubiri mpaka chakula cha mchana kipite. Dk. Wainaina alitazama saa, akatazama fomu, akaiweka mezani uso chini. Akasema atasubiri hadi saa saba.

Walienda wote kitandani, hata wale ambao hawakupenda kuwa karibu na wenzao. Were alikivuta kitanda kutoka ukutani peke yake. Waithera akapita kwenye nafasi ile mpya, akasimama kushoto kwa Mama Nzula, karibu kabisa, na mama hakumwona. Alikuwa akimuuliza Mutinda kama watoto wa shule wameshachukua sare zao.

Wahu alileta sahani, akaiweka kama anavyowawekea watu wote. Mama Nzula alikula ugali. Alifinyanga tonge moja baada ya lingine bila kuchovya popote, taratibu, kwa adabu, huku watu zaidi ya kumi wakimtazama. Alipofika kwenye makombo akashusha pumzi, akamwambia mwanawe kwamba anaona mwenyewe, hivi ndivyo anavyolishwa.

Waithera alinyoosha mkono akaigeuza sahani kidogo. Chumba cha nyama kikavuka kutoka upande wake kikaingia upande wa mama.

Mama Nzula aliacha kutafuna. Aligusa mchuzi kwa ncha ya kidole, akaonja.

"Kumbe kulikuwa na nyama," alisema.

Mutinda aliweka kofia usoni. Mama alichukua kipande, akala, akachukua kingine, akala kwa haraka sasa, mchuzi ukimshuka hadi kifundo cha mkono bila kujali. Kisha akakoma katikati ya kutafuna na kuuliza, bila hasira, kama anayetaka tu kujua, kama siku zote hizi nyama ilikuwa hapo.

"Ilikuwa hapo, mama," Waithera alisema.

Mama Nzula alitafuta sauti ilikotoka, kulia, na kulia zaidi, asimwone mtu aliyekuwa akimsemesha.

"Na nyinyi mlikuwa wapi?"

Waithera aliigeuza sahani tena kidogo, kwa sababu sukuma wiki ilikuwa bado imebaki.